Pete Rose na rekodi ya Ty Cobb: yanayosemwa na yaliyotokea

Kwa asiyeufuata mchezo wa besiboli: mrushaji hurusha mpira, mpigaji huugonga kwa gongo, na pigo lake likimfikisha kituo cha kwanza au mbele zaidi, huandikiwa pigo salama. Ty Cobb alistaafu mwaka 1928 akiwa na mapigo 4,191. Ilimchukua Pete Rose wa Cincinnati Reds hadi 1985, akiwa na umri wa miaka 44, kumpita. Tangu hapo kisa hicho kimetiwa chumvi kila upande.

Dhana: Rekodi ilivunjwa Septemba 11, 1985

Vitabu rasmi vya ligi vinasema hivyo. Usiku ule Cincinnati, Rose aliugonga mpira wa Eric Show wa San Diego Padres, na uwanja mzima ukashangilia kwa dakika kama saba. Show akaishia kuketi pale anaporushia mpira. Rose, mtu asiyejulikana kwa machozi, akalia kwenye kituo cha kwanza huku mwanawe akimkumbatia.

Kasoro iko kwenye hesabu ya Cobb. Mwaka 1910 alipokuwa akigombea na Nap Lajoie ubingwa wa upigaji, zawadi ikiwa gari aina ya Chalmers, mechi moja ya Detroit, timu yake, iliingizwa kwenye kumbukumbu mara mbili, na mapigo mawili ya Cobb yakahesabiwa mara mbili. Mtafiti Pete Palmer ndiye aliyelibaini kosa hilo, likatangazwa 1981, lakini kamishna wa ligi Bowie Kuhn akakataa kulisahihisha. Hesabu halisi ya Cobb ni 4,189. Kwa hiyo Rose alimpita Septemba 8 mjini Chicago, kwa pigo lake la kwanza siku hiyo, na mchezo ukaendelea kama kawaida kwa sababu kila mtu uwanjani aliamini bado hajamfikia.

Dhana: Alijipanga kila siku kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa kocha

Ni kweli alikuwa mchezaji na kocha kwa pamoja. Ila msimu ule alicheza zaidi dhidi ya warushaji wa mkono wa kulia. Wa kushoto aliwaachia wenzake akina Tony Pérez. Hata hiyo Septemba 8 hakukusudia kucheza, maana Chicago Cubs walimpanga Steve Trout, wa mkono wa kushoto. Trout akaanguka baiskeli. Akaletwa Reggie Patterson, wa kulia, Rose akajiingiza kikosini na kupata mapigo mawili. Mtu anayetaka rekodi ivunjwe nyumbani ili tiketi ziuzwe angebaki benchi.

Wanaomlaumu nao wana hoja yao. Wastani wake mwaka huo, yaani mapigo salama kwa kila zamu rasmi ya kupiga, ulikuwa .264, na kocha mwingine huenda angempumzisha.

Dhana: Kwa kumpita Cobb, Rose ndiye mpigaji bora kuliko Cobb

Hapana. Cobb ana wastani wa .366, Rose .303. Rose alihesabiwa zamu rasmi 14,053 za kupiga, karibu 2,600 zaidi ya Cobb, na hakuna aliyetolewa mara nyingi kama yeye. Wala hakuwa mtu wa nguvu: katika mapigo yake 4,256, ni 160 tu yaliyovuka uzio, na 3,215 yalimfikisha kituo cha kwanza basi. Sifa yake ni kudumu misimu 24 katika kazi ambayo wengi huiacha kabla ya miaka 40.

Dhana: Kufungiwa kulifuta rekodi

Alifungiwa 1989 kwa sababu ya kamari, akafariki Septemba 2024, akaondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa Mei 2025. Muda wote huo 4,256 ilibaki palepale.

Dhana: Mjapani Ichiro Suzuki ameshamzidi Rose

Ukijumlisha mapigo yake 1,278 ya Japani na 3,089 ya Marekani, unapata 4,367. Ligi ya Marekani huhesabu ya kwake tu. Lakini Ichiro anayo rekodi moja ambayo haihitaji nyongeza ya Japani: mapigo 262 katika msimu mmoja, mwaka 2004.