Disketi za Zamani, Kompyuta Mpya: Dhana Potofu na Ukweli

Ukikuta kasha la disketi kwenye kabati la ofisi pale Chumbageni au Ngamiani, Tanga, usikimbilie kulitupa, lakini pia usisikilize kila unachoambiwa.

"Programu za kwenye disketi hizo, Windows mpya itazifungua tu, badilisha mipangilio." Haitazifungua. Windows ya biti 64 haina kabisa sehemu ya kuendesha programu za biti 16 za DOS, yaani mfumo wa kompyuta uliotumika kabla ya Windows. Kinachotakiwa ni emuleta, yaani programu inayojifanya kompyuta ya zamani. Kwa DOS, DOSBox ni ya bure na nyepesi: weka programu yako kwenye folda C:\zamani, fungua DOSBox, andika `mount c c:\zamani`, kisha `c:`, halafu `dir`.

"Ndani ya emuleta faili haziharibiki." Dhana hii ndiyo inayoliza watu. Folda uliyoiunganisha kwa `mount` ni folda halisi. Ukifuta faili kwa `del`, limefutika kweli, wala halipiti kwenye pipa la taka. Unganisha nakala, na kamwe usiunganishe C:\ nzima.

"Mashine ikiwa na kasi, programu itakwenda vizuri zaidi." Baadhi zilipima muda kwa kuhesabu mizunguko ya prosesa, kwa hiyo kasi ndiyo inayoziua. Zilizoandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya zamani ya kuandikia programu, huweza kukata mwanzoni kabisa na kuandika "Runtime error 200": zinapima kasi ya mashine zinapoanza, na jibu la ugawaji linazidi nafasi lililotengewa. Ndiyo maana kasi hupunguzwa kabla ya kuzifungua, ndani ya DOSBox, kwa Ctrl na F11. Ctrl na F12 huiongeza. Laptopu nyingi hudai Fn pia.

"Disketi ichomeke tu, ikisoma imesoma." Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Unyevu wa pwani, hasa wakati wa masika, huotesha koga. Sogeza kile kibati kinachoteleza, zungusha taratibu kitovu cha chuma upande wa nyuma, utazame sahani yote ya ndani. Ukiona madoa meupe, usiichomeke: koga hubaki kwenye kichwa cha kusomea na kuikwaruza disketi inayofuata. Ikiwa safi, fungua kitundu cha kuzuia kuandika mpaka mwanga upite, ndipo uiweke kwenye draivu ya USB. Kwenye Linux, tazama jina la draivu kwa `lsblk`, kisha inakili disketi nzima kwenye faili la kazi.img kwa programu ya ddrescue:

`ddrescue -r3 /dev/sdX kazi.img kazi.map`

Badala ya X weka herufi uliyoiona. Nakala kamili ya disketi ya inchi 3.5 ya MB 1.44 ina baiti 1,474,560. Ndani ya DOSBox ifungue kwa `imgmount a kazi.img -t floppy`. Za inchi 5.25 draivu hizi hazizisomi.

"Bila programu ileile, hesabu zimepotea." Mara nyingi sivyo. LibreOffice Calc, programu ya majedwali ya hesabu, hufungua faili za DBF za dBase (programu ya zamani ya kuhifadhi kumbukumbu) na za WK1 za Lotus 1-2-3 (programu ya zamani ya majedwali), bila emuleta. Ukitaka ripoti ichapwe kama zamani, tumia DOSBox-X, maana DOSBox ya kawaida haichapishi.