"Maji yanatoka, mashine nzima": dhana zinazoua mashine za boti

Kauli hii utaisikia kwa manahodha kuanzia Nungwi hadi Mkoani: "Fundi, hii haichemki, maji si unayaona yanatoka?" Inachosha, kwa sababu mashine nyingi zimekufa huku maji yakitoka.

Maji yanayorushwa na kitundu cha ubavuni yanathibitisha jambo moja tu: pampu inasukuma. Kwenye mashine nyingi hayo ni maji yaliyochepuka kabla ya kufika kwenye themostati, yaani vali inayofunguka kwa joto ili maji ya kupoza yapite. Njia za kuzunguka silinda na hedi (kifuniko cha silinda) zinaweza kujaa chumvi na mchanga, na kitundu kikaendelea kurusha vilevile. Wewe unatazama maji, pistoni inaparuza silinda.

Pima hedi yenyewe. Mashine ikishakwenda robo saa na mzigo, dondoshea hedi tone la maji, mkono ukiwa mbali na gurudumu linalozunguka. Tone likichachatika na kukauka papo hapo, joto limepita nyuzi 100. Zima.

Hapo usikimbilie impela, kile kigurudumu chenye mbawa kinachosukuma maji ndani ya pampu. Fungua kifuniko cha themostati. Boliti za mashine kuukuu hushikwa na chumvi ndani ya aluminiamu, na ukitumia nguvu, kichwa kitakatika. Tia mafuta ya kulegezea, pasha moto pembeni, gonga kidogo, kisha fungua na kukaza kwa zamu mpaka ilegee. Themostati ibanie uzi kwenye vali yake, uining'inize kwenye sufuria ya maji unayoyapasha. Nyingi za mashine za baharini huanza kufunguka karibu na nyuzi 50, ikaanguka na kuuachia uzi. Maji yakitokota nayo bado imening'inia, itupe. Chumvi ikwangue kwa kijiti, maana bisibisi huchimba aluminiamu. Iliyobaki ilainishe kwa siki na usuuze mara moja. Gasketi iwe mpya. Silikoni ya kupakaza siitaki kabisa hapo: ziada yake hubanduka ikaziba njia ileile uliyoisafisha.

Na maji yasipotoka, usiseme pampu imekufa kabla hujachokonoa kitundu kwa mshipi wa nailoni. Ukikuta impela imekatika mbawa, tafuta kila kipande, hadi ndani ya bomba la maji na kwenye themostati. Impela mpya ipake maji ya sabuni, na unaposhusha kikombe cha pampu, zungusha shafti kwa mwendo wa mishale ya saa ili mbawa zilale upande wake.

"Huku kwetu joto, themostati ya nini?" Bahari yetu, hata kaskazi, iko karibu nyuzi 30, na mashine inahitaji zaidi ya hapo. Ukiitoa, petroli haiungui vizuri, plagi zinalowa, masizi yanajaa.

"Nimeshaisuuza." Dakika mbili ndani ya pipa hazitoshi: themostati bado imefunga, maji baridi (yasiyo na chumvi) hayakufika kwenye chumvi. Iache kwa silensa (mwendo wa chini kabisa, bila mzigo) dakika 10 au zaidi, mpaka hedi ipate moto.

"Ongeza oili kwenye petroli, itapoa." Haipoi. Oili ikizidi, petroli inapungua kwenye mchanganyiko na joto linapanda. Fuata kipimo cha mashine yako.

Ikishachemka, usiimwagie maji: hedi hupinda. Izime, ipoe yenyewe, kisha angalia kama mfuko wa plastiki haujaziba matundu ya kuvutia maji huko chini.