Kwa nini niliondoa kisanduku cha maneno muhimu

Kwa miaka kadhaa, kila mhariri katika ofisi moja ya Upanga, Dar es Salaam, ninayoihudumia alilazimika kujaza kisanduku cha "maneno muhimu" kabla mfumo haujamruhusu kuchapisha makala. Nilipoitoa orodha nzima ya lebo hizo, nilikuta mabasi yale ya Kimara hadi Kivukoni yana majina manne: "mwendokasi", "mwendo kasi", "DART" na "mabasi yaendayo haraka". Makala zilizoingizwa jioni, mhariri akiwa amekwisha kuichungulia foleni dirishani, nyingi zilikuwa na lebo moja tu: "habari".

Lebo humtaka mtu abashiri leo neno ambalo mwenzake atalitumia kutafuta mwakani. Utafutaji wa matini nzima hauhitaji ubashiri huo: programu huyapitia maandishi yote na kutengeneza faharasa inayoonyesha kila neno limo katika makala zipi. Kwa kuwa hifadhidata yetu ni PostgreSQL, ambayo ina uwezo huo ndani yake tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, hatukununua chochote.

Kazi ilikuwa kwenye Kiswahili. PostgreSQL huja na kanuni za kurudisha maneno kwenye mashina yake kwa lugha nyingi, lakini Kiswahili hakimo. Na ukiazima zile za Kiingereza, zitakata mwisho wa neno, ilhali maneno yetu hubadilika zaidi mwanzoni. Aliyetafuta "mkulima" hakupata "wakulima". Tuliongeza faharasa ya pili, ya vipande vya herufi tatu tatu: maneno hayo mawili yote yana "kul", "uli", "lim" na "ima", kwa hiyo hukutana. "Kilimo" huambulia "lim" peke yake, na hapo, kusema kweli, tuliandika kwa mkono jedwali la maneno yanayokwenda pamoja, ambalo ndilo pia linaloyaunganisha majina manne ya mwendokasi.

Wapo walionicheka kwamba nimezirudisha lebo kwa mlango wa nyuma. Sikubaliani nao, kwa sababu jedwali lina mstari mmoja kwa kila kundi, na ukiusahihisha, makala za zamani nazo huanza kupatikana bila mtu kuzifungua moja moja.

Lebo tumezibakiza kwenye picha tu, kwani picha ya kivuko cha Kigamboni isiyo na maelezo haina neno hata moja la kutafuta.