Kwa nini maji hupanda juu ya Daraja la Jangwani

Kila masika, Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam inapofungwa kati ya Magomeni na Fire, huulizwa swali lile lile: kwa nini daraja lisinyanyuliwe tu, yakaisha? Mimi ni mhandisi wa mito, na nimeshinda siku nyingi nikipima kina cha Mto Msimbazi. Jibu langu huanzia mbali na Jangwani, kwenye vilima vya Pugu.

Mto huu, wenye urefu wa takriban kilomita 35, hushuka kutoka vilimani hadi Bahari ya Hindi kwenye Daraja la Salander. Ardhi ya juu ni ya kichanga na haishikani vizuri. Viwanja vinapofyekwa na barabara za vumbi zinapoachwa bila mitaro, mvua moja kubwa huchimba makorongo, na mchanga wote huo huanza safari. Maji yaendayo kasi hubeba mchanga. Yakipungua kasi, huutua. Jangwani ndipo yanapopungua kasi, kwa kuwa bonde hapo ni tambarare na pana, na bahari inapojaa upande wa Salander, maji ya mto hukosa pa kutokea upesi.

Hapa nawaomba wasomaji wanivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu humo ndimo lilimo jambo lenyewe. Tuchukue mfano wa mto mpana wenye kina cha mita 3 chini ya daraja. Mchanga ukijaza mita 1, mtu hudhani tumepoteza theluthi moja ya uwezo wa kupitisha maji. Sivyo. Maji yenye kina kidogo husuguana zaidi na sakafu ya mto, hivyo kasi nayo hushuka, na uwezo unaobaki ni takriban nusu tu ya ule wa awali. Daraja halikuguswa, mvua haikuongezeka, lakini nusu ya njia imekwisha kuzibwa. Ongeza magogo na chupa za plastiki zinazonasa kwenye nguzo, na maji hayana budi kutafuta njia juu ya lami.

Tena barabara yenyewe imepita juu ya tuta lililokatiza bonde kutoka upande mmoja hadi mwingine. Maji yasiyoweza kupita kwenye uwazi wa daraja husimama nyuma ya tuta hilo kama yaliyo nyuma ya bwawa, na wa kwanza kuyaona ni wakazi wa Kigogo, Mzimuni na Mchikichini, kabla abiria wa mwendokasi hawajajua kwamba njia imefungwa. Nimeingia katika nyumba za Kigogo ambako alama ya maji ukutani ilinifika kifuani, na mlangoni pamepangwa viroba vya mchanga uliochotwa mtoni humo humo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na baadhi ya walionusurika wakahamishiwa Mabwepande, mbali na soko la Kariakoo ambalo wengi walilifikia kwa miguu. Kwangu umbali huo ni sehemu ya hasara ya mafuriko, ingawa hauingii katika vipimo vyetu.

Kusafisha mto kwa mashine husaidia, na nimeunga mkono kila mara kazi hiyo ilipofanyika, lakini mchanga hurudi katika misimu michache kwa sababu chanzo chake hakijaguswa. Ndiyo maana nautazama kwa matumaini mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao mwaka 2022 Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200, na ambao unahusisha daraja jipya lililo juu zaidi pamoja na fidia kwa wenye nyumba za bondeni. Uwazi mpana utapunguza lile bwawa la tuta. Hata hivyo, bila mitego ya mchanga kwenye vijito vya juu, na bila mitaro ya mawe kwenye barabara za Kinyerezi na Pugu, uwazi huo nao utaanza kujaa, kwanza kingoni ambako maji ni mapole, kisha katikati. Kwa hiyo ningependa nguzo za daraja jipya zichorwe vipimo vya kina tangu siku ya kwanza, visomwe kila baada ya masika na vuli, na matokeo yabandikwe katika ofisi za serikali za mitaa za Kigogo na Hananasif.