Je, wajua kwa nini tiba ya jeni ya selimundu haiigusi jeni yenye kasoro?

Mwezi Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba iitwayo Casgevy kwa wagonjwa wa selimundu wenye umri wa miaka 12 na kuendelea, na Marekani ikafuata mwezi Desemba. Hiyo ilikuwa tiba ya kwanza duniani kuidhinishwa ambayo hutumia CRISPR, mkasi wa kukatia vinasaba uliowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Niliposikia habari hiyo niliamini kwamba nimeelewa kilichofanyika: selimundu hutokana na herufi moja iliyokosewa katika jeni, mkasi wa kufika penye kosa umepatikana, basi kosa limekatwa na herufi sahihi imewekwa mahali pake. Niliwaeleza hivyo watu kadhaa, na maelezo yangu hayakuwa ya kweli.

Jeni yenye kasoro imo katika kromosomu ya 11, ilhali mkasi wa Casgevy hukata katika kromosomu ya 2. Ukizisoma seli za damu za mtu aliyetibiwa, utaikuta herufi ile iliyokosewa ipo vilevile, haikuondolewa wala haikusahihishwa. Hata hivyo, katika jaribio lililotegemewa kuidhinisha tiba hiyo Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kupata shambulio kali la maumivu. Ugonjwa ulinyamaza huku chanzo chake kikiwa palepale.

Nadhani kosa langu lilitokana na neno lenyewe la kuhariri. Mhariri husoma, huona kosa na kuandika lililo sahihi. CRISPR haifanyi hivyo. Kazi yake ni kutafuta mahali maalumu katika vinasaba na kukata, na kinachofuata hufanywa na seli yenyewe, ambayo huona kuwa imejeruhiwa na kuunganisha ncha mbili kwa haraka. Katika haraka hiyo herufi chache hupotea au huongezeka. Ni kama kuchana ukurasa katikati ya neno na kisha kuubandika: neno lile huenda lisisomeke tena, lakini si rahisi ubandikaji huo ulete neno jingine ulilolikusudia. Ili seli iandike herufi mahususi, lazima ipewe kielelezo cha kunakili na ikubali kukitumia, na seli shina za damu, yaani zile zinazozalisha seli nyingine za damu, ambazo ndizo zinazotakiwa, kwa kawaida hupendelea ile njia ya haraka. Kuharibu neno, kwa hiyo, ni rahisi zaidi kuliko kulisahihisha. Hata tiba ya pili iliyoidhinishwa Marekani siku hiyohiyo, Lyfgenia, hailirekebishi kosa hilo, bali huongeza nakala nyingine ya jeni isiyo na kasoro hiyo, huku ile ya zamani ikibaki. Zipo mbinu mpya zaidi zinazobadilisha herufi moja bila kukata nyuzi zote mbili za vinasaba, lakini nazo zina mipaka yake: maabara ya David Liu ilionyesha mwaka 2021, kwa kutumia panya, kwamba herufi hiyo inaweza kugeuzwa, ila haikurudi ilivyokuwa kwa mtu asiye na ugonjwa, bali iligeuka kuwa namna ya tatu ambayo huwapo kiasili kwa watu wachache na haina madhara.

Swali la wanasayansi waliokuwa na mkasi wa namna hii likawa tofauti na lile nililodhani: je, kuna kitu mwilini ambacho kikiharibiwa kitamfaa mgonjwa? Jibu lilikuwa limeanza kuonekana zamani, kabla hata kasoro yenyewe haijajulikana. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto mjini New York, aliandika kwamba watoto waliozaliwa na selimundu huwa hawana dalili katika miezi ya mwanzo, na akapendekeza kwamba wanakingwa na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ya namna waliyokuwa nayo tumboni. Miaka tisa baadaye mwanasayansi Vernon Ingram alionyesha kasoro ilipo: asidi amino moja tu, yaani kijenzi kimoja cha protini, katika mnyororo wa beta wa himoglobini ya mtu mzima imebadilishwa na nyingine.

Badiliko hilo dogo huweka juu ya himoglobini kitu kama kulabu. Himoglobini inapoachia oksijeni, kulabu ya molekuli moja hunasa katika tundu la molekuli ya jirani, ya pili hunasa ya tatu, hadi uzi mgumu unapojengeka ndani ya seli nyekundu na kuipinda iwe kama mundu. Himoglobini ya kijusi haina mnyororo wa beta; mahali pake pana mnyororo wa gamma, ambao hautoi kulabu na haupokei vizuri kulabu za wengine. Ikichanganyika na ile yenye kasoro, inakuwa kama pete zisizonasika ndani ya mnyororo: uzi hukatika kabla haujawa mrefu.

Jeni za gamma hazipotei baada ya kuzaliwa. Zinazimwa tu, na kila mtu mzima anazo. Wapo hata watu ambao kwa kurithi hazikuzimwa kwao, nao huishi wakiwa na afya njema. Kilichokuwa hakijulikani ni nani anayezizima. Uchunguzi wa tofauti za kurithi baina ya watu, ambao Swee Lay Thein alikuwa miongoni mwa walioutangulia, ulionyesha kidole kwenye jeni iitwayo BCL11A, na mwaka 2008 Vijay Sankaran na Stuart Orkin, wakiwa Boston, walithibitisha kwamba protini inayotokana na jeni hiyo ndiyo huzima gamma. Thein na Orkin walipewa Tuzo ya Shaw mwaka 2024 kwa kazi hii.

Hapa ndipo nilipozidi kuvutiwa, kwa sababu kujua mlinzi wa mlango hakutoshi. BCL11A inahitajika pia katika seli za kinga zinazotengeneza kingamwili na katika ukuaji wa ubongo, na seli shina za damu zenyewe hudhoofika zikiikosa. Tuchukue mfano wa mlinzi mmoja anayehudumia majengo kadhaa, na kila jengo lina kengele yake ya kumwita. Ukimfukuza mlinzi, majengo yote hubaki wazi. Lakini ukikata waya wa kengele katika jengo moja, mlinzi ataacha kuja pale tu, na kwingineko ataendelea na kazi. Mwaka 2013 Daniel Bauer, Orkin na wenzao walionyesha kwamba kengele ya namna hiyo ipo: kipande cha vinasaba, ndani ya jeni ya BCL11A lakini nje ya sehemu inayotoa protini, ambacho huiamsha jeni hiyo katika seli zinazoelekea kuwa nyekundu na si katika seli za kinga. Miaka miwili baadaye walikikata kipande hicho nukta kwa nukta kwa CRISPR, wakapata herufi chache ambazo zikivurugwa sauti ya kengele hufifia. Ni mahali ambapo protini nyingine, GATA1, hushika ili kubonyeza. Casgevy hukata hapo hapo, na ule ubandikaji wa haraka wa seli, ambao usingefaa kwa kusahihisha, hapa ndio unaotakiwa.

Matokeo yake ni kwamba himoglobini ya kijusi, ambayo kwa mtu mzima huwa chini ya asilimia 1 au karibu na hapo, hupanda kufikia takriban asilimia 40. Namba zile za 29 na 31, hata hivyo, ni ndogo, na waliotibiwa wanapangiwa kufuatiliwa hadi miaka 15 ili ijulikane kama athari inadumu na kama mkasi haukukata mahali pasipokusudiwa. Tiba yenyewe ni nzito: seli shina huchukuliwa na kukatwa maabara, kisha, kabla ya kurudishiwa seli hizo, mgonjwa hupewa busulfan, dawa kali ya kuondoa uboho wa zamani, ambayo inaweza kuharibu uwezo wa kupata watoto. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2.

Anayebaki na uwezo huo atamrithisha kila mtoto nakala moja ya jeni ya selimundu, kama ambavyo angefanya kabla ya kutibiwa, kwa kuwa mkasi uliishia kwenye seli za damu.