Goma hadi Bukavu kwa boti: yanayosemwa bandarini na yaliyo kweli

Nikiaga kwenda Bukavu kwa boti kupitia Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, shangazi yangu haulizi habari za mawimbi, anauliza habari za gesi. "Mwanangu, chini ya ziwa hili kuna moto. Cheche moja ya injini, mmekwisha." Gesi ipo kweli: kilomita za ujazo zipatazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Lakini imelala vilindini, imekandamizwa na uzito wa maji, na cheche ya juu haiifikii. Hata lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoingia ziwani Januari 2002, gesi hiyo haikulipuka. Wataalamu wanaichunga, maana wanakumbuka Ziwa Nyos huko Kameruni, lililotoa gesi ikaua watu wapatao 1,700 mwaka 1986.

Gesi iliyo karibu zaidi na msafiri iko nchi kavu: mazuku. Ni kaboni dioksidi itokayo ardhini, nzito kuliko hewa, isiyo na rangi wala harufu, nayo hujikusanya penye mabonde, hasa usiku upepo ukitulia. Ukilala ufukweni kungoja boti ya asubuhi, usitandike kitenge kwenye kishimo, hata kama baridi inakusukuma humo.

Neno ninalotamani litoke midomoni mwa watu ni hili: "Ukishaiona Goma, umefika." Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, hapo hapo Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni. Ilibeba watu kupita kiasi, kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara na watu hawakuwa na njia nyingine ila maji. Wengi walikufa.

Kuwa karibu na nchi kavu si kuwa penye maji mafupi. Kivu ina kina kinachokaribia mita 485, na sehemu nyingi kando zake huteremka ghafla. Tena wakati wa kufika ndipo kila mtu husimama, hujitwika furushi na kusogea upande wa gati. Uzito unapanda juu na kwenda ubavu mmoja kwa pamoja. Boti iliyokwisha kuzama nusu kwa mzigo haina nguvu ya kujinyoosha. Kaa mpaka kamba ifungwe. Watakusukuma, watakutukana, wewe kaa.

Ndiyo maana sikubali pia kwamba boti kubwa haiumizwi na kuongezewa watu wachache. Kabla ya kupanda, tazama ukingo wake uko juu ya maji kiasi gani, kisha tazama paa. Magunia ya makaa yaliyo juu ya paa ni hatari kuliko magunia yaleyale yakiwa sakafuni. Niliwahi kuiacha tiketi yangu ikapotea kwa sababu ya paa la namna hiyo. Fedha iliniuma, lakini nilirudi nyumbani kulala.

"Mimi najua kuogelea." Sawa, lakini je, ukiwa na nguo zilizolowa, gizani, huku watu wawili wamekushika shingo? Vaa jile, yaani koti la kuelea, na uifunge kamba kabla ya kung'oa nanga. Ukiwa ndani ya chumba, keti karibu na mlango: boti ikipinduka, jile itakupandisha na kukubana humo ndani. Mtoto atafutiwe jile ya kipimo chake. Ya mtu mzima humvuka kichwani.

Kwamba Kivu haina mamba wala kiboko ni kweli, ila mamba si hoja. Kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini huamsha mawimbi, na masika huleta dhoruba za ghafla. Usiku wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa Kivu, wako kazini, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu. Ukiweza, safiri mchana.

Na usilikwepe daftari la abiria ukidhani ni usumbufu tu. Andikisha jina lako kamili, kisha mpigie ndugu wa Bukavu, umtajie boti, saa ya kuondoka, na saa ambayo, usipoonekana, aanze kuuliza bandarini.