Baiskeli ya babu ni Raleigh ya Uingereza kweli? Nembo peke yake isikudanganye

Dhana: Breki za vyuma na mwamba mrefu ni dalili ya baiskeli ya mkoloni.
Ukweli: Baiskeli za Phoenix za Shanghai, China, na Hero za Ludhiana, India, ziliendelea na umbo hilohilo miongo mingi baada ya Uhuru. Umbo halitaji mwaka.

Dhana: Nembo ya mbele inatosha.
Ukweli: Nembo ni kibati tu, fundi hukihamisha kwa dakika chache. Tabora, ambako baiskeli moja imebeba mkaa, asali na abiria, ni vipande vichache vilivyobaki pale vilipofungwa kiwandani. Tazama gia kubwa ya mbele: Raleigh ina vichwa vya korongo, na chapa nyingine za Kiingereza zina alama zao: Rudge kiganja cha mkono, BSA herufi za jina lake. Ila Raleigh ilinunua biashara ya baiskeli za BSA mwaka 1957, kwa hiyo alama ya BSA haikanushi kwamba baiskeli ilitoka Nottingham, kwenye kiwanda cha Raleigh.

Hapo fungua vikombe vya ekseli ya pedeli, vile vinavyofungwa kwa nyuzi (mikato ya skrubu) ndani ya fremu. Raleigh ya Nottingham ilichongwa nyuzi 26 kwa inchi, wakati kipimo cha kawaida cha Kiingereza ni 24. Weka rula kwenye kikombe, uhesabu nusu inchi: 13 au 12? Kikombe cha 24 kwenye fremu ya 26 huingia mzunguko mmoja hivi, kisha hukaza. Ukilazimisha kwa spana, unakata nyuzi za fremu, na fremu ndiyo mali yenyewe.

Dhana: Namba ya fremu hutoa mwaka kamili.
Ukweli: Raleigh ilirudia namba, na moja inaweza kuangukia miaka tofauti. Isome hata hivyo. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, weka karatasi juu, sugua kwa penseli. Msasa usiuguse kabisa. Chapa ni ya juujuu, itaondoka na kutu.

Dhana: Mwaka uliochapwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ni mwaka wa baiskeli.
Ukweli: Ni mwaka wa habu. Habu ya nyuma ya Sturmey-Archer ya gia tatu, aina ya AW iliyoanza 1936, ikiandikwa 58 na 3 imetengenezwa Machi 1958. Kabla ya kuamini, hesabu spoku: magurudumu ya Kiingereza ya zamani kwa kawaida yana 32 mbele na 40 nyuma. Ukikuta 36 nyuma, huenda gurudumu lilibadilishwa, na habu hiyo ilitoka kwenye baiskeli nyingine.